Mlango Siufungi

Ukumbi wa abiria wanaoondoka ulifurika siku hiyo. Matoroli yaligongana, watoto walilia, na spika zikawa zinaita majina ya miji ambayo wengi waliokuwamo ukumbini hawatafika maishani. Katikati ya vurumai hiyo alisimama mwanamke aliyevaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa na raba nyeupe. Hakuwa na sanduku wala tiketi, na wala hakuwa amemsindikiza mtu. Alijisogeza taratibu kutoka familia moja hadi nyingine, ametega sikio.

Kazi yake ilikuwa kufasiri tamthilia za kigeni ili ziingizwe sauti za Kiswahili. Studio nzima walimwita Mfasiri, na ilifika mahali hata mama yake wa kumzaa alimwita hivyo kwa utani. Tamthilia aliyokuwa nayo safari hii ilimhusu nahodha wa chombo cha angani, na kila kipindi nahodha huyo alimuaga mtu. Neno lake la kuagia huko lilikotoka lilikuwa maarufu, ila kwa Kiswahili lilikuwa halina ladha kabisa. Mfasiri alijaribu “Kila la heri,” bosi wake akasema hilo ni la kadi za mitihani. Akajaribu “Safari njema,” akaambiwa hilo limeshaandikwa nyuma ya mabasi yote. “Tutaonana” nalo lilikuwa limekwisha kwenye nyimbo, kwa kuwa kila mwimbaji huaga ubeti wa kwanza na bado yupo hadi ubeti wa nne.

Ndipo akaamua kwenda mahali ambapo watu wanaagana kwelikweli.

Alisikia mengi, karibu yote ya kawaida, mpaka alipofika nyuma ya mama mmoja mfupi aliyekuwa akimfunga binti yake skafu shingoni. Yule mama aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akamshika binti uso kwa viganja viwili.

“Nenda, mwanangu,” alisema. “Mlango siufungi.”

Binti akamwangukia kifuani akilia kwa sauti. Mama naye machozi yalimtiririka bila kelele. Mfasiri, ambaye alikuwa ameshasikia watu wakiagana tangu asubuhi, alijikuta naye anafuta macho kwa ukingo wa mkono.

“Dada, samahani. Umepoteza kitu?”

Aligeuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi ya nguvu, saa ndogo ya wauguzi inaning’inia kifuani. Hakuwa anatabasamu.

“Hapana, kaka.”

“Maana umetufuata tangu kwenye mizani. Kama ni pochi ya mama yangu unaitaka, nakuonea huruma. Ndani mna miwani na peremende basi.”

Mfasiri aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akaeleza yote kwa haraka: studio, nahodha, neno lililokosekana. Kijana akamsikiliza amekunja mikono.

“Kwa hiyo kazi yako ni kuiba maneno ya watu wanaoagana.”

“Siibi. Nasikiliza. Hujui shida yake, kaka. Wenzetu wengine, mtu akitaka kupanda jukwaani, wanamwambia avunjike mguu. Ndiyo kumtakia heri huko kwao! Sasa mimi niandike nini?”

“Avunjike mguu?”

“Ndivyo.”

“Dada yangu, mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa. Waambie waje waione hiyo heri.”

Wote wawili waliangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichowaponza. Kabla mama hajamaliza kupunga mkono kwenye kioo, kijana alikuwa ameshatoa simu yake.

“Nipe namba. Siku ukikosa neno, unipigie.”

Jioni hiyo hiyo Mfasiri alikaa mbele ya kompyuta na kuandika: Nenda. Mlango siufungi. Mwigizaji wa sauti, mtu mnene mwenye sauti nzito waliyemwita Nahodha hata nje ya kazi, aliisoma mara moja tu. Fundi mitambo akavua hedifoni na kuziweka mezani. Bosi aliyesimama nyuma ya kioo akapiga makofi.

“Umelitoa wapi hilo?”

“Nimelisikia tu,” alisema Mfasiri.

Na kweli alilisikia. Kwake yeye neno lililosemwa hadharani lilikuwa kama upepo wa barabarani. Hakuwaza kwamba lina mwenyewe.

*

Mapenzi yalianza kwa simu, maana zamu za muuguzi hazikumpa nafasi ya matembezi. Alimpigia kila asubuhi akitoka kazini, naye Mfasiri akapokea akiwa bado na mswaki mdomoni.

“Kasuku wangu, umeamkaje?” Jina hilo alimpa kwa sababu ya kurudia maneno ya watu.

“Salama, Bendeji. Wewe?”

“Nimefunga mikono miwili na mguu mmoja kabla ya chai. Wewe leo unafanya nini?”

“Namuua mume wa mtu, kipindi cha tisa.”

“Masikini. Na anamuagaje mkewe?”

“Hamuagi. Anapigwa risasi mgongoni.”

“Afadhali. Angalau leo hutahangaika kutafuta neno.”

Asubuhi moja Bendeji alikuwa akimsimulia habari za mzee aliyelazwa kitanda cha dirishani, mzee aliyekataa kuondolewa plasta kwa kuwa wajukuu walikuwa wameichora maua, na katikati ya masimulizi akapitiwa na usingizi. Mfasiri hakukata simu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akisikiliza pumzi zake, chai inapoa, na akajua kwamba sasa mambo yamekuwa mazito.

Jumapili iliyofuata Mfasiri alipelekwa nyumbani kwa kina Bendeji kutambulishwa. Kilikuwa chumba na sebule, safi, cherehani imekaa karibu na dirisha na foronya zilizokunjwa zimepangwa juu ya stuli. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume aliyevaa helmeti, amening’inia juu ya nguzo ya umeme huku anacheka. Mama alimpokea kwa mikono miwili, akamwita mkwe kabla hajakaa vizuri, halafu akaingia jikoni kuchemsha chai.

“Huyo ndiye Mzee?” Mfasiri aliuliza.

“Ndiye. Alikuwa fundi wa nyaya kubwa. Alikuwa akiondoka wiki nzima, Mama anamsindikiza hapo kizingitini na kumwambia, ‘Nenda, mlango siufungi.’” Bendeji akashusha sauti. “Asubuhi moja wakagombana. Kitu chenyewe hata hakikuwa na maana, koti lililochanika ambalo Mama hakuwa amelishona. Mzee akatoka amenuna. Mama akaubamiza mlango na kutia komeo, na hilo neno hakulisema. Jioni walikuja wenzake wameshika helmeti yake.”

Mfasiri aliinua macho tena kwenye picha ya ukutani.

“Tangu hapo hajawahi kuacha,” Bendeji aliendelea. “Hata mimi nikienda zamu tu hapo hospitali. Hata jirani hajawahi kumwambia asili yake. Ni lake na Mzee.”

“Bendeji...”

“Naam, mpenzi?”

Mama akatoka jikoni na sinia, uso wote furaha. “Mkwe, sukari unatumia?”

“Natumia, mama,” alisema Mfasiri, na lile alilotaka kulisema likabaki palepale.

Kesho yake alifika studio kabla ya mfagiaji. Alimsubiri bosi mlangoni, akamwomba neno libadilishwe.

“Libadilishwe wapi?” bosi alishangaa. “Vipindi vyote vimeshafika kituo cha televisheni. Matangazo yanaanza wiki hii. Una homa?”

Angeweza kumpigia Bendeji saa ile ile. Aliishika simu, akaiweka, akaishika tena. Akajiambia kwamba Bendeji haangalii televisheni, kwamba Mama anasikiliza redio ya asubuhi tu, na kwamba tamthilia nyingi huja na kupita bila mtu kukumbuka hata jina lake. Alijidanganya kwa bidii, na kila simu ya asubuhi iliyofuata alicheka zaidi kuliko kawaida yake.

*

Tamthilia haikupita. Ilishika mji kama moto wa nyikani. Vipindi havikufika hata nusu, watoto wa shule walikuwa wanaagana getini kwa sauti nzito ya Nahodha. Kinyozi aliliandika neno hilo kwenye kioo chake. Bendi moja ikalitungia kibwagizo. Timu moja ilipofungwa na kutolewa kwenye mashindano, mashabiki wa wapinzani waliwaimbia uwanja mzima, “Nendaaa! Mlango siufungi!” huku wamewafungulia geti. Wanaume waliowachoka wapenzi wao walilituma kwa ujumbe mfupi na kuzima simu. Katika muda wa msimu mmoja neno la kumrudisha mtu nyumbani likawa neno la kumfukuza.

Bendeji alilisikia wodini. Kijana aliyeruhusiwa kutoka alisimama katikati ya vitanda, magongo kwapani, akawapigia saluti wagonjwa wenzake.

“Nyie bakini. Nikitoka tu, mlango siufungi!”

Wodi nzima ikacheka. Bendeji hakucheka.

“Hilo neno umelitoa wapi?”

“Nesi, unaishi mbinguni? Si la Nahodha hilo!” Kijana akatoa simu, akamwonyesha. Bendeji akaangalia kipande chote amesimama, trei ya dawa mkononi. Mwisho majina yakapita kwenye kioo, na kwenye mstari wa aliyefasiri akalisoma jina la mwanamke aliyekuwa akimwita mpenzi kila asubuhi.

Simu ilipolia mchana, Mfasiri alijua. Hakuwahi kumpigia mchana.

“Neno la mama yangu,” alisema Bendeji. Hakumsalimia. “Niambie si wewe.”

“Bendeji, naomba nikueleze.”

“Ni wewe au si wewe?”

“Ni mimi.”

Nyuma ya Bendeji palisikika magurudumu ya kitanda yakisukumwa.

“Kwa hiyo ulikuja kwetu, ukanywa chai ya mama yangu, ukaitwa mkwe. Ulikuwa unatafuta mengine? Tulibakiza nini ambacho hujakiandika?”

“Niliandika jioni ile ile ya uwanja wa ndege! Nilikuwa sikujui. Nilikuwa sijui lina maana gani kwenu.”

“Na nilipokwambia maana yake?”

Mfasiri alizima kompyuta iliyokuwa mbele yake.

“Nilikuita kasuku kwa mapenzi,” alisema Bendeji. “Kumbe nilikuwa nasema kweli tupu.” Akakata.

Alimpigia tena, haikupokelewa. Alituma ujumbe mrefu, akatuma mfupi, akatuma “Samahani” peke yake. Alisimama nje ya hospitali akamwona akitoka, begi begani, naye akavuka barabara kwenda upande mwingine kama mtu aliyeona shimo.

Kazini, bosi aliagiza msimu wa pili, na akataka neno lile liongezwe: nahodha alitamke mwanzo na mwisho wa kila kipindi.

“Siliandiki,” alisema Mfasiri.

“Dada, neno hilo ndilo linatuweka mjini.”

“Basi mtaliandika bila mimi.”

Wakaliandika bila yeye. Alihamishiwa kwenye vipindi vya mapishi ya kigeni, akawa anafasiri vijiko vya siagi kutwa nzima. Nahodha, yule mwigizaji wa sauti, alikuja siku moja kwenye meza yake, amefumbata mikono. “Dada, mimi ningeweza kukataa kulisema,” alisema kwa ile sauti yake nzito, “lakini wangemleta mtu mwingine.” Mfasiri akamwambia anaelewa. Na kweli alielewa, ndiyo maana ilimuuma.

*

Ujumbe uliomtoa nyumbani ulitoka mbali. Dada mdogo wa Bendeji, yule wa skafu, alikuwa akifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli ughaibuni. Walikuwa wamezoeana kwa simu siku za raha, wakiitana wifi. Hakuwa anajua chochote cha ugomvi.

“Wifi, Mama anaumwa?” aliuliza kwa sauti iliyorekodiwa. “Siku hizi tukimaliza kuongea ananiambia ‘haya’ halafu anakata. Haniagi. Kila mara lazima aniage, wifi, unajua vile alivyo. Kaka namuuliza, anasema nisiwaze. Nipo kazini natetemeka tu. Nahisi kuna kitu kitanipata.”

Mfasiri aliisikiliza mara mbili, akavaa viatu.

Mama alikuwa kwenye cherehani. Alimtazama mgeni wake, akamwonyesha kiti, akaendelea kushona hadi mwisho wa pindo. Mara hii hakumwita mkwe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Nimekuja kukiri kosa langu.”

“Nilishaambiwa.” Cherehani ikasimama. “Siku ile uwanja wa ndege, ulikuwa umesimama wapi?”

“Nyuma yako, mama. Karibu na nguzo.”

“Uliniona nikilia?”

“Nilikuona.”

“Na kilio nacho ulikiandika?”

“Hapana, mama.”

“Basi ulichukua kile kilichokuwa chepesi.”

Mfasiri aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka kwenye mapaja, akayaacha.

“Juzi sokoni,” Mama aliendelea, wala hakupandisha sauti, “muuza nyanya alinifungia mfuko, akaniambia hilo neno huku anacheka. Sikumchukia, hajui. Lakini jioni binti yangu akapiga, nikataka kumuaga, nikauona mdomo wa yule mtu. Neno likagoma. Nilimnyima Mzee hilo neno siku moja tu, na unajua kilichotokea. Sasa mwanangu nimemnyima mara ngapi?”

“Mama, kama utaniruhusu, nikutafutie lingine...”

“Usinitafutie. Kazi hiyo kaifanyie hukohuko.”

Simu ikalia. Ilikuwa imeegemezwa kwenye mguu wa cherehani, na usoni pake alitokea yule binti, koti limefungwa hadi kidevuni, pumzi zake zinatoka kama moshi. Huko kwake ilikuwa asubuhi. Wakaongea habari za mashuka, za baridi, za mwenzake chumbani anayekoroma. Kisha binti akatazama saa.

“Mama, nachelewa. Natoka sasa.” Akangoja.

Mama alifungua mdomo. Midomo ilitetemeka, hakikutoka kitu. Binti alikuwa amesogeza uso karibu na kioo, macho yamemtoka. Mfasiri alikuwa na maneno ya kuagana ya nusu ya dunia kichwani mwake, akaung’ata ulimi.

“Usikate,” Mama alisema mwishowe.

“Mama, naenda kazini.”

“Si uende nayo? Itie mfukoni. Mimi nashona hapa.”

Binti alisita, kisha kioo kikawa giza. Zikasikika hatua, ufunguo ukizunguka, ngazi, watu wakisalimiana kwa lugha nyingine. Mama akakanyaga cherehani. Ikanguruma, na bila shaka ilinguruma pia ndani ya mfuko wa koti, kwenye barabara ile ya baridi. “Nakusikia, Mama,” ilisema sauti ndogo ya binti, yenye kicheko na kilio. Mama alishona foronya nzima. Akachukua ya pili. Mtandao ukakwama, ukarudi, na mwisho ukapotea.

“Imekatika yenyewe,” alisema Mama, akishusha pumzi. “Sikuikata mimi.”

Bendeji alikuwa amesimama mlangoni, begi la kazi begani. Haikujulikana alikuwa ameingia saa ngapi. Alimtazama Mfasiri, akatazama simu.

“Msindikize mgeni kituoni,” alisema Mama. “Jua linazama.”

Walitembea wakapita duka la rangi.

“Ulinipenda lini?” aliuliza Bendeji, macho mbele. “Kabla ya kuandika, au baada?”

“Baada. Siku uliposinzia kwenye simu ukinisimulia habari za yule mzee wa dirishani.”

“Na baada ya hapo ukanyamaza.”

“Niliogopa kukupoteza.”

“Ungeniambia siku ile ile ya chai, ningekasirika wiki moja, yakaisha. Sasa sijui hasira hii itafika wapi. Sijakusamehe.”

“Kasirika, Bendeji. Mimi nipo.”

Kituoni walisimama wameachana kidogo, kama watu wasiojuana. Mbele yao alipita jamaa aliyevaa fulana mpya nyekundu, maandishi makubwa meupe yamejaa kifuani. Aliyeichapa alikuwa ameruka herufi moja: NENDA MLANGO SIUFUGI.

Bendeji aliisoma. Akageuza uso pembeni, mabega yakaanza kumtikisika.

“Hafugi milango,” alisema kwa shida.

“Labda anafuga madirisha,” alisema Mfasiri, na wote wawili wakacheka kicheko kibaya, cha watu waliolia sana, mpaka jamaa wa fulana akageuka kuwatazama. Kilipoisha, Bendeji alijifuta macho, na uso ukarudi kuwa mzito kama mwanzo. Basi likaja. Mlango ukafunguka, watu wakaanza kupanda.

Mfasiri aliweka mguu kwenye ngazi. Hakugeuka, kwa sababu hakutaka kuomba kitu.

“Kesho unatoka kazini saa ngapi?” sauti ya Bendeji ilimfikia mgongoni.

“Saa kumi.”

“Mimi saa kumi na mbili jioni. Utachoka kuningoja pale hospitali.”

“Nitachoka,” alisema Mfasiri, “lakini utanikuta.”